Homa Haina Sauti

Wang'uru, 9 Machi 2025

Tata yangu Wakiuru,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye mchele. Natumaini kifua chako kimetulia, na ng'ombe hajazaa kabla hujamtengenezea zizi. Sisi tuko salama. Mvua bado, lakini mifereji imejaa na wanawake wanapanda mpunga wakiwa wameinama tangu asubuhi. Kibandani nina kazi tele ya sare za shule. Cherehani ilinisumbua mwezi mzima, sasa imekubali kunitii.

Jirani yangu Monicah aliniona nikiandika akacheka. Alinionyesha simu yake, kama kuniuliza siku hizi nani anaandika barua. Nikamwonyesha picha yako. Yeye hajui kwamba mama yangu alipofariki, wewe dada yake ulinipeleka bweni kwenye shule ya viziwi, na kila mwezi ukanitumia karatasi zilizojaa pande zote mbili. Kiswahili changu ni chako, Tata. Sijawahi kukisikia, nilikisoma kwenye mwandiko wako. Tena simu yako ya kubonyeza hukata maneno katikati. Kwa hivyo Wahome wa lori la mchele ataendelea kuwa posta yetu.

Mwanangu Watiri ana mwaka na nusu sasa. Anatembea kama mlevi wa sikukuu na kila kitu anakitia mdomoni. Wiki jana alikuwa na kahoma kadogo, kakaisha.

Jambo moja tu. Kingori aliniandikia kutoka Naro Moru kabla hajapanda mlima na mizigo ya wageni. Anasema mama yake anataka kuja Giakanja kukusalimu. Mama mkwe wangu hajakanyaga kwako tangu harusi yetu. Akifika, niambie alitaka nini.

Mimi mwanao,
Wacera


Giakanja, 6 Aprili 2025

Wacera mwanangu,

Mimi niko mzima. Kifua kiko na kelele zake lakini hakinizuii kuchuma majani chai. Ng'ombe alizaa ndama jike, na alizaa salama, zizi likiwa tayari, kwa hivyo usiniharakishe. Mvua imeanza huku na barabara ya sokoni imekuwa uji.

Barua hii imechelewa. Wahome alipita mara mbili nikamwambia sijamaliza, na ukweli ni kwamba sikuwa nimeanza. Nilikuwa na hasira na sikutaka ikufikie.

Kahoma kadogo, Wacera?

Mama Kingori alikuja na wanawake wawili wa kanisa lao. Alikaa hapa sebuleni akanieleza vile mtoto alikakamaa, macho yakageuka, mkakimbizwa hospitali. Degedege! Mimi nikawa naitikia kwa kichwa kana kwamba najua. Kwa nini habari ya nyumba yako niisikie kwa mdomo wa mtu mwingine?

Alikuja na neno lake. Anasema Wang'uru kuna mbu na Naro Moru hakuna. Anasema mama asiyesikia hawezi kujua mtoto analia. Anataka Watiri alelewe kwake mpaka afike umri wa shule. “Huyo alipewa jina langu,” alisema. “Huyo ni mimi.” Mwezi wa nane ukoo wao utakaa kikao waamue.

Sasa niambie yote. Usinipunguzie chumvi.

Ni mimi,
Tata wako


Wang'uru, 20 Aprili 2025

Tata,

Pole kwa hasira niliyokupa, na hongera kwa ndama. Huku mpunga umeshika rangi ya kijani, na mbu nao wamezaana. Watiri anakula vizuri. Nakuandikia yeye akiwa chini ya meza anavuta uzi wangu.

Nilikuficha kwa sababu niliogopa ukijua utaanza kuwaza kama wao.

Ilikuwa alfajiri. Tulikuwa tumelala pamoja ndani ya chandarua. Kilichoniamsha ni mguu wake ukigonga ubavu wangu, ukigonga tena, kwa mpigo mmoja kama sindano ya cherehani. Nikadhani anaota. Nilipowasha taa niliona povu mdomoni. Mwili wake ulikuwa moto kama sufuria. Nilimbeba nikatoka nje nikapiga mlango wa Monicah kwa mateke, na yeye akatafuta gari. Tulipofika hospitali degedege lilikuwa limekwisha. Wakampima damu, wakakuta malaria, wakampa dawa, akapona kabisa. Daktari aliandika kwamba mara nyingi degedege la homa hupita bila kuacha alama, ila malaria nayo haifai kucheleweshwa hata kidogo.

Kisha Monicah akaniandikia kitu ambacho afadhali angekaa nacho. Alisema alimsikia Watiri akilia kwa muda mrefu kabla ya hapo. Hakuja kwa sababu alijua niko naye.

Nilikuwa naye, Tata. Alikuwa kifuani pangu akilia, na mimi nimelala.

Tangu siku hiyo nalala nikiwa nimemwekea mkono shingoni, yaani silali. Juzi nilishona mfuko wa shati mgongoni.

Kuna kitu kiliniletea tumaini kikaninyang'anya siku hiyo hiyo. Kliniki yetu ina nesi anaitwa Bisharo, mwenyeji wa Nanyuki. Kuna mradi wa chuo kimoja cha Nyeri wanajaribu bangili ya homa. Mtoto anafungwa juu ya mkono, na kipimajoto kidogo kama kifungo kinakaa kwapani mchana na usiku. Joto likipanda, simu ya mama inapiga kelele. Wanawake wote kwenye benchi walifurahi. Mimi nilisubiri mpaka nikaelewa vizuri neno “kelele,” halafu nikambeba mtoto nikatoka.

Hujaniambia ulimjibu nini Mama Kingori. Nakuomba uniambie. Hata kama ulimwambia ana haki.

Wacera


Giakanja, 11 Mei 2025

Wacera,

Tumshukuru Mungu kwa uhai. Ndama ananyonya kwa fujo. Nilikuwa na homa ya mafua nikakaa ndani siku kadhaa, wanawake wa chama wakaniletea kuni na uji. Kanisani wameezeka upya, sasa mvua haitunyeshei tukisali.

Nimesoma barua yako mara nyingi. Sina la kukuambia juu ya ile alfajiri, isipokuwa kwamba uliamka. Mguu ulikugonga ukaamka.

Lakini hilo la kliniki limenikasirisha kuliko mengine. Ulitoka bila kuuliza? Wewe ni fundi. Mteja akileta gauni lisilomtosha, unamfukuza? Si unafumua unashona tena? Rudi kwa huyo nesi. Ukikaa kimya watajuaje kwamba kuna mama kama wewe? Wao hawajui, mwanangu. Mtu asiyejua huambiwa.

Umeuliza nilimjibu nini mama mkwe wako. Hayo yalikuwa maneno ya wazee wawili juu ya kikombe cha chai. Yaache hapo.

Nimekutumia kabichi na nduma. Mwambie Wahome asizikalie.

Tata wako


Wang'uru, 15 Juni 2025

Tata mpendwa,

Kabichi zilifika, moja ikiwa imekaliwa. Nduma tamu sana, Watiri alikula mpaka akalala na kipande mkononi. Pole kwa mafua. Vaa soksi zile nilizokushonea, usiziweke kabatini kama mali ya urithi.

Nilirudi!

Nilimwandikia Bisharo: “Hii bangili inampigia nani kelele?” Alisoma, akaniangalia, akaangalia tena karatasi. Nikaona midomo yake ikisema, “Wallahi, hatukufikiria.” Siku ya kliniki iliyofuata alimleta mwalimu wa mitambo kutoka Nyeri, Hezekiah, ndiye anaitengeneza. Huyo mwanzoni aliniandikia kwa adabu kwamba mipango ya mwaka huu imeshapitishwa, na jambo langu litaangaliwa mwaka ujao. Nikachukua kalamu yake nikaandika kwa herufi kubwa: MBU HAWANGOJI MWAKA UJAO. Bisharo alicheka akashika meza. Hezekiah hakucheka. Alikunja ile karatasi akaitia mfukoni akaondoka, nami nikajua nimejiharibia.

Wiki zikapita. Kisha akatokea kibandani kwangu mwenyewe, viatu vimejaa matope, na kitu kama saa isiyo na uso. Alinifunga mkononi. Akachukua kile kifungo cha mtoto akakichovya kwenye kikombe cha maji moto.

Tata, mkono wangu ulitetemeka! Kwa nguvu, kama mtu amenishika akasema, wewe, njoo. Niliruka nikaangusha kiti. Hezekiah naye akaruka kwa sababu nimeruka. Tukafanya tena, na tena, mpaka maji yakapoa.

Usije ukadhani ni malaika. Ilitetemeka Watiri alipolala chini ya koti la Kingori la mlimani. Ilitetemeka alipokitumbukiza kile kifungo kwenye uji. Bisharo amenifundisha: bangili haitibu wala haipimi ugonjwa, inakuita tu. Ikikuita, nenda umshike mtoto, umpime na kipimajoto cha kawaida, na ukikuta homa, uende hospitali bila kubishana na mtu. Na chandarua kinabaki palepale. Ule mkanda wake wa plastiki ulimtoa Watiri vipele, nikashona mwingine wa pamba laini. Hezekiah aliupenda akaomba kielelezo.

Usiku wa kwanza nikiwa nayo nililala. Monicah alinikuta asubuhi, jua limepanda, akadhani nimekufa.

Sasa habari nyingine. Mama Kingori anakuja mwezi wa saba kukaa nasi “ajionee mwenyewe” kabla ya kikao. Kingori anasema mama yake ana hoja. Sikumjibu. Na wewe hujanijibu bado.

Wacera


Giakanja, 13 Julai 2025

Mwanangu,

Baridi ya Julai imeshuka, ukungu hautoki hata saa sita mchana. Tunalala na ndama ndani ya ua wa jikoni. Nimevaa soksi, usiniseme.

Niliposoma habari ya mkono wako kutetemeka nilitoka nje nikamsimulia ng'ombe, kwa kuwa hapakuwa na mtu karibu.

Lori la Wahome liliharibika gia, kwa hivyo huenda barua hii ikukute mama mkwe wako ameshafika. Kama ni hivyo, sikiza. Usimfiche ile bangili. Mwonyeshe inavyofanya kazi na inavyokosea. Mpe kitanda, wewe ulale chini. Na kuna kitu hujui, labda hata Kingori hajui vizuri. Kabla ya Kingori, yule mama alizaa msichana. Homa ilimchukua akiwa na umri kama wa Watiri. Wakati huo tulikuwa wasichana wa soko moja, nilienda mazishini. Kwa hivyo anapokuangalia vibaya, si ubaya unaoangalia. Ni woga.

Sijasema akunyang'anye mtoto. Nimesema ujue.

Tata wako


Wang'uru, 10 Agosti 2025

Tata, Tata, Tata,

Hujambo? Na kifua? Na ndama? Nimesalimu, sasa niache niseme.

Mama Kingori alifika na magunia ya viazi na uso wa hakimu. Nilifuata maneno yako. Nilimpa kitanda, nikamwonyesha bangili. Aliigeuzageuza akairudisha. Siku ya tatu ilitetemeka bure, Watiri alikuwa ameketi karibu na jiko, nami nikakimbia nikiwa na unga mikononi. Alicheka sana. Tangu hapo akaiita saa ya wazimu, hata mbele ya Monicah.

Jumamosi ikafika, siku ya soko. Unakijua kibanda changu, kiko mbele ya ploti na chumba chetu kiko nyuma, ng'ambo ya ua. Nilikuwa nampima mteja kiuno. Mama Kingori alikuwa amekaa mlangoni pa chumba anachambua mchele, na Watiri amelala ndani. Mkono ukatetemeka.

Nitakuambia nilichofikiria. Nilifikiria vile atanicheka. Nilifikiria mteja ataondoka. Mkono ukatetemeka tena. Nikamwacha yule mama na tepu imemzunguka kiuno.

Mama Kingori aliponiona aliinua mkono kunizuia. Namsoma midomo vizuri siku hizi. Alisema, “Ni hiyo saa yako tena? Mtoto amelala. Wacha alale.”

Nilimruka, Tata. Mchele ulimwagika wote.

Watiri alikuwa amelala kweli. Hakulia, hakugeuka. Mtu akichungulia mlangoni angesema ni usingizi mtamu. Nilimshika shingo. Nikatoka nikamvuta Mama Kingori kwa mkono, kwa nguvu, vile mkamwana hafai kumvuta mama wa mume wake, nikaubandika ule mkono wake kwenye shingo ya mtoto.

Uso wake ulibadilika.

Kipimajoto kilisema thelathini na tisa na zaidi. Nilimpunguza nguo, nikampa dawa ya homa kwa kipimo nilichofundishwa na Bisharo, nikamfunga mgongoni. Mama Kingori alinifuata bila viatu. Hospitalini walimdunga kidole, wakasema malaria, ndio kwanza imeingia. Wakampa dawa ya kwanza hapohapo, wakatuweka chini ya macho yao. Kabla jua halijazama alikuwa anamnyang'anya mtoto mwingine ndizi. Hakukakamaa. Hakulazwa. Tulirudi nyumbani na miguu yetu, sote watatu!

Lakini sijafika mwisho. Tukiwa kwenye benchi tukingoja, Mama Kingori aliniomba kalamu. Hajawahi kuniandikia hata mara moja, Tata. Miaka yote amekuwa akiongea na Kingori, Kingori ananiambia. Aliandika polepole, mwandiko wa mtu aliyeacha shule mapema:

“Niko na masikio mawili na nilikuwa mlangoni. Sikusikia kitu. Homa haina sauti.”

Kisha akaandika: “Msichana wangu pia alilala hivyo. Kimya.”

Nikamshika mkono. Akalia, mimi nikalia, na Watiri akatuangalia kama watu wasio na adabu.

Tuliporudi nyumbani aliomba karatasi tena. Akaandika: “Tata yako alikuambia alinifukuza?”

Nikatikisa kichwa.

“Alinifukuza! Chai ikiwa bado mezani. Alisema mimi nikitaka mtoto wa kulea, nizae. Wale mama wa kanisa walisahau hata mwavuli.”

Tata Wakiuru! Miezi hii yote nimelala nikidhani ulikubaliana naye! Kwa nini hukuniambia?

Mwanao anayekupenda na aliyekukasirikia,
Wacera


Giakanja, 31 Agosti 2025

Wacera mwanangu,

Sikukuambia kwa sababu ningekuambia nimekupigania, ungekaa ukingoja nikushindie. Nilitaka ushinde mwenyewe. Hiyo ndiyo sababu nzuri. Sababu nyingine ni kwamba niliona haya, maana nilimtusi mama wa watu na mimi ni mzee wa kanisa. Yalinitoka tu, na sijutii sana.

Barua yako nilisomewa mara ya pili na mke wa jirani, mimi nikiwa nimeishiwa na macho kwa kulia. Tukapiga vigelegele wawili tu jikoni mpaka ng'ombe akaitika.

Sasa kikao. Ulibaki na sare za muhula mpya na Watiri akirudisha nguvu zake, vizuri sana, kwa hivyo niliwakilisha upande wetu. Nilifika Naro Moru upepo ukikata masikio. Nilivaa lile koti la bluu, na begani nilijiwekea maneno ya kutosha kuwajibu watu kumi. Sikuyatumia.

Mzee Simeon, ami yake Kingori, alifungua kwa maombi, akasema, “Mama Kingori, wewe ndiye uliita kikao. Sema.”

Mama Kingori akasimama. Akasema, “Mimi niliita, na mimi nakifunga. Mtoto atakaa kwa mama yake.”

Watu wakaangaliana. Shangazi mmoja wa kule nyuma akauliza, “Na ile maneno ya kutosikia? Ati imeisha?”

“Wewe unasikia?” Mama Kingori akamuuliza.

“Nasikia.”

“Umewahi kusikia homa ikipanda? Ikaita hodi? Mimi nilikaa mlangoni na masikio yangu yote, nikasema mtoto amelala. Wacera alijua. Alitoka kazini akajua kabla yangu. Mnataka nimchukue mtoto kwa mtu anayejua, nimpeleke kwa mtu asiyejua?”

“Na mbu?” akauliza mwingine.

“Mbu watapambana na chandarua. Keti chini.”

Nilitaka kupiga makofi, nikakumbuka niko ugenini.

Ndipo Kingori akasimama. Alikuwa ameshuka mlimani siku hiyohiyo, midomo imepasuka kwa baridi. Alianza kuongea, na alipoongea mikono yake ikaongea pia. Wacera, huwa hafanyi hivyo mbele ya watu wao, wewe unajua. Pale kwa ukoo wote alisema kwa mdomo na kwa ishara, akikosea akirudia, kwamba alikosa kusimama nawe tangu mwanzo, na kwamba akitoka safari za mlimani atakuwa anashuka Wang'uru kwa mke wake badala ya kukaa hapo akingoja wageni wengine. Mzee Simeon alimuuliza, “Hiyo mikono unamwambia nani, na yeye hayuko?”

Akajibu, “Nazoea. Siku akikaa hapa nasi, asiambiwe baadaye kikao kilisema nini.”

Hapo nilipiga makofi, ugenini au si ugenini. Na wa kwanza kuniunga mkono alikuwa mama yake.

Tulikula mokimo. Mama Kingori aliniketisha karibu naye. Hatukuongea habari ya ile chai. Alinimegea nyama kubwa, nami nikaila.

Tata wako


Wang'uru, 12 Oktoba 2025

Tata yangu,

Salamu kutoka nyumba yenye watu wengi! Kingori yuko hapa wiki ya pili na ameharibu bomba moja na kutengeneza mawili. Mama Kingori alituma viazi na barua, barua yake mwenyewe, maneno manne. Ameandika: “Watiri anaendelea aje? Watiri.” Mume wangu hakuelewa hilo la mwisho mpaka nikamkumbusha kwamba ni jina la mama yake. Mpunga umeiva, na mashambani wanafukuza ndege tangu kunapokucha. Kingori ananiambia kelele zao hazivumiliki. Namwambia mimi zinanipita tu.

Kuna jambo sikulitarajia. Wanawake wa mashambani walianza kumuuliza Bisharo kwa nini bangili yangu inatetemeka na zao zinalia. Wao wako matopeni mchana kutwa, simu wameziacha juu ya tuta zisiingie maji. Wengine wanafanya kazi kwenye vinu vya mchele, huko mtu hasikii hata jina lake. Simu zililia peke yao, Tata. Walitaka ya Wacera, ndivyo walivyoiita. Hezekiah alikuja akaketi nao, akaandika, akarudi Nyeri. Mwezi jana alileta mzigo mpya. Zote zinatetemeka, na mikanda yake yote ya pamba ni mimi nimeshona. Nimemchukua Monicah anisaidie kukata.

Juzi ilikuwa siku ya kuzigawa. Bisharo aliniomba niwafundishe mama wenzangu. Nilikataa, akaniuliza kama kazi ya fundi ni kukataa, na nikajiuliza ni nani amemfundisha maneno yako. Basi nilisimama mbele ya ukumbi uliojaa. Mimi nikasema kwa mikono, Kingori akasema kwa mdomo, Watiri akiwa ameshika suruali ya baba yake. Niliwaonyesha pa kufunga, namna ya kuchaji, namna inavyodanganywa na koti na jua. Niliwaambia hii ni ya kukuita tu. Wa kuitika ni wewe. Waliuliza maswali mengi nami nikayajibu yote. Hakuna aliyemuuliza Kingori. Waliniangalia mimi.

Mwishoni akaja mama mmoja kijana aliyekuwa amekaa karibu na mlango. Anaitwa Njoki, ametoka upande wa Karatina, amembeba mtoto wa miezi sita. Alikuwa amepitwa na watu wote siku nzima kama vile hayupo, nami sikujua mpaka alipoinua mikono. Ni kiziwi kama mimi. Dada yake ndiye alisikia habari zetu akamleta.

Aliniambia kwa ishara, “Tangu azaliwe sijalala.”

Nikamwambia, “Najua.”

Nilimfunga mtoto ule mkanda, nikamfunga yeye mkononi. Nikakiweka kile kifungo katikati ya viganja vyangu nikavisugua kwa nguvu, nikavipulizia pumzi, Hezekiah akaleta kikombe cha maji moto lakini nikamzuia kwa sababu nilitaka joto liwe la mikono yangu. Tukangoja. Njoki alikuwa ameukodolea macho ule mkono wake kama unaweza kukimbia.

Halafu ukatetemeka.

Aliniangalia. Akauangalia mkono. Akacheka, na mimi nikacheka, tukashikana tukacheka hadi machozi, na mtoto wake akaanza kucheka bila kujua sababu. Bisharo aliniandikia baadaye kwamba tulipiga kelele kiasi kwamba watu wa duka la dawa ng'ambo ya barabara walitoka nje kuangalia kuna nini. Ukumbi mzima ulikuwa umenyamaza ukitutazama.

Sisi wawili hatukujua. Tuliendelea kucheka.

Mwanao,
Wacera